Jibini la Moshi na Tembo la Ng'ambo

Banda la pasi lilikuwa nyuma ya jiko la Mzungu. Lilikuwa na paa la makuti na ukuta upande mmoja tu, na ndani yake mlikuwa na meza ndefu, kapu la makaa na bakuli la wanga. Siku sita za juma nilikuwa humo nikifua na kunyoosha mashuka ya watu wawili waliobadilisha nguo kama watu kumi. Jumapili banda lilikuwa letu.

Huo ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya vita vya Wajerumani. Mzungu alikuwa na shamba la miti ya mpira kusini ya Mto Sabaki, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mji wa Malindi. Mimi nilikuwa mjane wa miaka ishirini na kitu, sina mtoto, nimelelewa misheni, najua kusoma na nasikia Kizungu. Hilo la mwisho sikulitangaza kwa waajiri. Mwajiri akijua kwamba mfuaji anaelewa maneno yake, huanza kumtazama kwa jicho jingine.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni mpishi, Mgoa wa makamo kutoka Uhindini, mfupi, masharubu yake yamepakwa mafuta, aliyewahi kupika melini kabla ya kushuka Mombasa. Aliamini kwamba binadamu asiyekula jibini hajamaliza kuumbwa. Jibini la mkebe lililokuja kwa meli lilikuwa la mezani kwa Wazungu, hakuligusa. Alitengeneza lake. Ng'ombe wa shamba walikuwa wamenunuliwa kwa Wagala wafugaji, na maziwa yakianza kugeuka kwa joto la mchana, mke wa Mzungu alisema yamwagwe. Mpishi hakumwaga kitu. Aliyapasha moto, akayakamulia ndimu mpaka yakakatika, akayafunga katika kipande cha shuka lililochakaa nililompa mimi, akayakandamiza kwa jiwe, akayatia chumvi, kisha akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko siku nne. Likatoka jibini la kahawia kwa nje, jeupe kwa ndani, lenye harufu kali ambayo mara ya kwanza ilinifanya nitoke bandani nikavute pumzi.

Mvinyo ulikuwa wa mabaki. Mke wa Mzungu alisema kwa kinywa chake kwamba kilichobaki chupani ni cha jikoni, akidhani ni cha kupikia nyama. Mpishi alikusanya mabaki ya juma zima katika chupa moja, mwekundu na mweupe pamoja, ukawa na rangi ya maji ya mto wakati wa mafuriko. Ukigawanywa kwa wanne ulikuwa mafunda mawili kwa mtu. Tuliyanywa polepole, na mpishi alitukataza kuzungumza mpaka tumeze.

Wengine wawili walitoka ng'ambo ya mto. Walikuwa Wagiriama, mume na mke. Mume alikuwa mgema, na alikuwa na minazi yake karibu na mdomo wa mto. Mkewe ndiye aliyekuwa shoga yangu. Tulijuana kivukoni, siku niliyofuata mto kutafuta shuka lililochukuliwa na maji. Yeye alilinasa kwa mti mrefu, akanirudishia, akacheka kwa vile nilivyolikumbatia. Tangu siku hiyo alivuka kila Jumapili na mumewe na kibuyu cha tembo la mnazi. Misheni walitufundisha kwamba tembo ni mlango wa jehanamu, kwa hiyo nililinywa nikiwa nimeupa mgongo upande wa misheni, ingawa ilikuwa mbali mwendo wa siku tatu.

Siku ya kwanza waliyofika, shoga yangu aliinama mlangoni kwa adabu akasema, "Tumewaletea uchi."

Mpishi aliweka kisu chini, akanitazama. Ilibidi nimweleze kwamba kwao kinywaji chochote cha kulevya huitwa uchi, wala hakuna atakayevua nguo. Alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la makaa. Baada ya hapo, kila Jumapili, aliuliza kwa upole kama uchi umeshavuka mto.

Kwa desturi ya kwao, anayeleta tembo hunywa yeye kwanza mbele ya macho ya watu, ndipo awape wenzake. Mgema alimimina katika kifuu, akanywa, akamimina tena, akanipa. Nilipomuuliza akasema, "Shemeji, mtu akikupa kinywaji asikionje, amekwisha kukwambia neno."

Jibini walilipokea kwa shida. Shoga yangu alilitafuna mara moja, akatoka nje kwa heshima, akarudi amefuta mdomo. Mumewe alikaa nalo ulimini muda mrefu.

"Haya ni maziwa yaliyokufa, yakazikwa, kisha yakafufuka," akasema.

"Hasa," mpishi akajibu. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Ni mgema aliyegundua kwamba jibini lile halipatani na tembo tamu la asubuhi. Lilitaka tembo la jana, lililokwisha kuwa kali na linauma ulimi. Basi akawa anavuka na vibuyu viwili, cha leo kwa ajili yangu na cha jana kwa ajili ya jibini. Tuliongeza mihogo ya kuchoma, na mara moja moja mpishi aliiba pilipili ya siki kutoka kabati la mezani, kisha akatubu kwa ishara ya msalaba. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yetu. Haikutugharimu chochote ila miguu yao na mikono yake, na mpaka leo sijala kwa furaha kama ile.

Lakini hata katika siku hizo njema, mgema alikuwa na jambo lililomkereketa. Alilisema mara ya kwanza akiwa anakata jibini, bila kuinua uso.

"Askari wa Bwana Shauri wamepita kwetu tena. Wamehesabu nyumba mara mbili mwaka huu."

"Ni kazi ya serikali kuhesabu," mpishi akasema.

"Mtu hahesabu kitu mara mbili ila anataka kukichukua."

Jumapili iliyofuata shoga yangu alikuja amechoka, miguu imejaa vumbi jekundu la bara, si mchanga wa mtoni. Alisema wanawake wote wa kwao walikuwa wameitwa mbali, msituni kwenye kaya, mji mtakatifu wa wazee wao, wakaapishwa. Nikamuuliza wameapa nini.

"Shoga, kiapo kinachosimuliwa si kiapo tena."

Alikula mihogo tu siku hiyo. Nilipomsogezea jibini alisema tumbo linamsumbua. Nikaona anavyokitazama kile kipande, kama mtu anayetazama nyumba ambayo hana ruhusa ya kuingia.

Kisha ikaja Jumapili ya Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa serikali aliyetawala wilaya. Alipita akiwa safarini, akaalikwa chakula cha mchana. Mtumishi wa mezani alikuwa na homa, kwa hiyo nikaitwa nivae kanzu nyeupe nipeleke sahani. Walikuwa watatu mezani na walizungumza kama watu wanaozungumza mbele ya kabati. Bwana Shauri alisema watu wa kaskazini ya mto watahamishwa wote waje upande wa kusini. Watapewa muda. Atakayebaki, nyumba yake itachomwa. Na vijana watatakiwa kwenda kufanya kazi. Mzungu wetu akauliza kama baadhi yao wangeweza kuletwa kwenye mpira wake. Bwana Shauri akasema bila shaka. Mke wa Mzungu aliuliza kama samaki amepoa, kisha akanisamehe kwa kijiko nilichoangusha.

Jikoni mpishi akaniuliza, "Wanasema nini humo?"

"Habari za mvua," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu hivyo. Nilihofia kazi yangu, hilo ni kweli. Nilijiambia pia kwamba Wazungu husema mengi wakishiba. Lakini sababu kubwa zaidi ni ndogo kuliko hizo. Mpishi alikuwa amehifadhi jibini moja kwa majuma sita, akilisugua chumvi kila jioni, na alikuwa amesema tutalikata siku ile. Sikutaka kuiharibu.

Walikuja. Jibini lilikatwa, na lilikuwa zuri hata mpishi mwenyewe akanyamaza. Chupa ya mabaki ilikuwa imejaa zaidi kuliko kawaida kwa sababu ya mgeni. Shoga yangu alikula mihogo na kucheka na sisi. Mgema, tembo limemchangamsha, alituambia kwamba juma lile alikuwa amepanda minazi mipya, safu nzima nyuma ya nyumba.

"Mnazi huchukua miaka sita, saba, mpaka uzae," mpishi akasema. "Una haraka gani?"

"Nafikiria uzee. Hii mikubwa nitashindwa kuikwea. Hii mipya itakuwa bado mifupi, nitaigema nimesimama chini kama muungwana."

Sote tulicheka. Nilicheka na mimi. Kisha nikasogeza kifuu changu kijazwe.

Amri ya kuhama iliwafikia majuma matatu baadaye, kwa mdomo wa mzee wa kijiji aliyelipwa na serikali. Nilisikia kutoka kwa wavuvi wa kamba waliouza jikoni. Jumapili hiyo hakuja mtu. Iliyofuata pia. Mpishi alipanga meza ya pasi vilevile, kitambaa, kisu, jibini, vifuu vinne, tukakaa wawili tukisikiliza nyuki. Upande wa ng'ambo kulikuwa kimya. Kabla ya hapo upepo wa mchana ulituletea sauti za mbuzi na za watu wanaoitana. Sasa ulileta harufu ya matope tu.

Jumapili ya tatu shoga yangu alikuja peke yake, na kibuyu kimoja kidogo. Hakuinama mlangoni. Alikaa, akaweka kibuyu mezani, akanitazama.

"Shoga, siku ile Bwana Shauri alipokula hapa, ni wewe uliyepeleka sahani?"

"Ni mimi."

"Na Kizungu unakisikia."

"Nakisikia."

"Ulisikia?"

Mpishi aligeuza kichwa kunitazama.

"Nilisikia."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akachukua kifuu, akamimina tembo mpaka likafika ukingoni, na hakulionja. Alikisukuma juu ya meza mpaka kikawa mbele yangu, akakunja mikono mapajani.

"Usinywe," mpishi akaninong'oneza.

Nakumbuka nyuki wawili wadogo walioelea juu ya povu, mmoja bado anapiga miguu. Nakumbuka nilijaribu kunusa bila kuonekana nanusa. Kwenye mti wa nyumba ya Mzungu kulikuwa na ndege aliyelia, akanyamaza, akalia tena, na mimi bado nilikuwa nimekishika kile kifuu. Kisha nikanywa, nikanywa mpaka mwisho, nikakirudisha mezani.

"Ulifikiri kwanza," akasema.

"Nilifikiri."

"Ulifikiri nimekuja kukuua."

Akafunga kibuyu kwa kizibo cha majani, taratibu, kama ana siku nzima.

"Kiapo changu kinanikataza kunywa chombo kimoja na mtu anayekula kwa Mzungu. Ndiyo maana sikuonja. Kinanikataza hata kukaa hapa nilipokaa, na sijui litakalonipata kwa kukaa. Nimekuja kukwambia uondoke, wewe na mpishi, kabla mwezi huu haujaisha. Vijana wetu wamechoka kuhesabiwa. Wakivuka hawatauliza nani mfuaji na nani bwana."

Akasimama. Nikasema, "Shoga, nisamehe."

"Mume wangu alimaliza kupanda ile safu," akasema. "Ungeweza kumwambia apumzike."

Akaenda zake. Nilimwona akipita katikati ya miti ya mpira, hakugeuka.

Mpishi hakuamini maneno yake. Alinikalisha kwenye kapu la makaa akanitazama mchana kutwa, akinipa maziwa ya chumvi ili nitapike, akinishika mkono kusikiliza mishipa. Kila nilipofumba macho aliniita. Jua lilipokaribia kuzama nilikuwa na kichwa kinachouma kwa tembo na jua, basi. Ndipo akakubali kwamba halikuwa na sumu, na hakuonekana kufurahi. Alijua vizuri kama mimi kwamba sasa tulilazimika kuyaamini yale mengine.

Niliomba ruhusa ya kwenda kumwuguza shangazi nisiye naye, nikahamia Malindi kwa bibi mmoja wa Kiswahili aliyenipa chumba cha nyuma na kazi ya kufua kanzu. Mpishi nilimsihi tuondoke pamoja. Alisema hawezi kuwaacha Wazungu katikati ya mwezi, si desturi ya kazi.

Haukuisha mwezi. Siku moja baada ya adhuhuri watu wa mji walipanda juu ya madari ya nyumba na kutazama kaskazini. Moshi ulikuwa umesimama wima, kwanza mmoja, kisha mingi, myeupe ya makuti makavu. Askari walikuwa wameanza kuchoma. Bibi mwenye nyumba aliingia ndani kuanua nguo zake, akaniambia nianue na zangu, kwa sababu majivu yangezichafua. Nikaanua, na kweli yalikuwa yameanza kutua kwenye kamba, mepesi mno, ukiyagusa yanapotea.

Shamba la mpira lilivamiwa siku chache baadaye. Banda la pasi liliungua lote. Wazungu walikuwa wameshakimbilia mjini. Mpishi alikuwa amebaki kufunga sufuria. Alilala katikati ya miti ya mpira siku nzima, akafika Malindi kwa miguu akiwa na jeraha la panga begani, limefungwa kwa kitambaa chake cha jibini. Nilimwosha lile jeraha, nikamshonea nguo. Meli ilipofika aliamua kurudi kwao.

Nilimsindikiza ufukweni. Alikuwa mpole kama siku zote. Alipokwisha kuingiza mguu mmoja mashuani alisema, "Siku ile uliniambia ni habari za mvua."

"Nilikwambia hivyo."

Alingoja kidogo, labda niongeze neno. Kisha mabaharia wakasukuma.

Mapigano yalipokwisha, watu wa ng'ambo walivushwa. Walipita kivukoni siku baada ya siku na mikeka na vyungu, wazee wamebebwa, na askari wakiwatenga mbuzi ambao walidai ni faini ya uasi. Nilikwenda kila siku nikasimama pale. Siku ya nne nikamwona shoga yangu. Alikuwa amebeba chungu kichwani na mzigo wa mtama mgongoni, na alikuwa peke yake. Nilichukua mtama bila kuuliza. Aliuachia.

Tulitembea siku nyingi kuelekea kwa kaka yake, karibu na Kaloleni. Siku ya kwanza alitembea mbele yangu. Siku ya pili, tulipokaa kivulini, alisema mumewe amechukuliwa kuwa mpagazi wa vita vya Wajerumani, amefungwa kamba na wenzake, na kwamba mume alikuwa amewauliza askari kama anaweza kwenda kesho yake. Nilimuuliza habari za minazi.

"Ile mikubwa iliungua vichwa. Ile midogo ililiwa na mbuzi, wakati askari wanawahesabu."

Nilibaki Kaloleni. Nilipata kazi ya kufundisha watoto wa kike kushona, nikajenga kibanda jirani na kwa kaka yake. Hatukurudi kuwa mashoga wa kuchekeana. Tulilima konde zilizopakana, tukaazimana majembe, mmoja akiugua mwenzake alileta maji. Watu wa hapo hugema sana, na kila sherehe huwa na tembo. Yeye hakulinywa, na mimi sikumuuliza ni kiapo gani kinachomzuia sasa.

Mwaka wa tatu wa vita ililetwa karatasi ya serikali, imekunjwa mara nne. Alinijia nayo kondeni, asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Hakuwa ameifungua.

"Soma," akasema. "Isome kwanza kwa maneno yao, kisha kwa yetu. Yote."

Nilisoma yote. Jina la mumewe lilikuwa limeandikwa vibaya, lakini baba yake na kijiji chake vilikuwa sawa. Alikuwa amekufa kwa kuhara damu katika kambi ya wapagazi, mahali ambapo sote wawili hatukuwahi kupasikia. Hakukuwa na habari ya kaburi, na nikamwambia kwamba hakuna habari ya kaburi. Aliniuliza jina la mahali penyewe. Nikalisema. Akaniomba nilirudie, mara tatu, mara nne, huku midomo yake ikinifuata, mpaka akaweza kulitamka bila mimi. Kisha akachukua jembe lake akarudi upande wake wa konde, akaanza kupalilia pale alipokuwa ameachia.